Wimbo wa Mashine ya Tatu

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wote waliokuwa wakikosa usingizi kwa ajili hiyo: muziki wa asili wa jamii yetu, uliodhaniwa kupotea, umepatikana. Ulikuwa salama salimini katika chumba cha kufulia cha hospitali, kati ya mashine ya tatu na pipa la sabuni, chini ya ulinzi wa mama mmoja mwenye gambuti za njano ambaye hakuwa na habari kwamba analinda chochote zaidi ya shuka.

Ndiyo maana wanamwita Mama Shuka. Miaka ishirini na miwili amefua matandiko ya wagonjwa, na yote imemfundisha jambo moja: mwenye viatu safi akiingia humu, kuna shuka zimepotea. Kwa hiyo mtafiti alipotokea mlangoni na daftari, kinasa sauti, na shanga nyingi shingoni kuliko bibi harusi, Mama Shuka alimpima toka unyayo hadi utosi.

"Mia moja na arobaini," akasema. "Zimo zote. Nenda kahesabu."

"Shikamoo, mama. Sikuja kwa ajili ya shuka. Mimi ni Daktari."

"Marahaba. Daktari wa nini?"

"Wa nyimbo."

Chapchap, mwenzake wa zamu, aliyekuwa ameshapandisha gauni ili aonyeshe goti linalomsumbua, akalishusha taratibu.

Mtafiti akaeleza. Amekuja kumwona shangazi yake aliyelazwa juu, akasikia wimbo ukipanda dirishani, nywele zikamsimama. Tafadhali, waimbe tena.

Mama Shuka akamtazama Chapchap, Chapchap akatazama dari. Lakini kazi ilikuwa inangoja. Shuka ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja: wawili hushika ncha, huivuta mpaka ikaze, husogeleana ncha zikutane, hurudi nyuma, huanza tena. Na huimba ili wasigongane vichwa.

Njoo kwangu, rudi kwako,
ncha na ncha zikutane;
kaka yangu ana soksi,
akizivua tukimbie.

Mtafiti alifumba macho. Kisha akaandika, huku akisoma kwa sauti, kwamba hii ni ngoma ya kupatanisha koo mbili zilizohasimiana. Hatua ya mbele ni toba, ya nyuma ni staha. "Na huo mdundo, mama! Du, du, ka-du. Huo ni wa kale mno."

Mama Shuka akaitupia jicho mashine ya tatu, ambayo imekuwa ikisema du, du, ka-du tangu beringi yake ife na fundi aape kuja kesho. Akaendelea kukunja. Maishani mwake hajaona mtu akisifia kitu kibovu bure.

Jambo ambalo hakumwambia ni hili. Wimbo ule ulitungwa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekunja naye shuka miaka kumi na mitano. Walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kaka mwenye soksi ni mume wa Mama Shuka, na soksi zenyewe zinajulikana mtaa mzima. Mwaka jana Redio aliugua wiki mbili, akafia wodi ya juu, juu ya shuka aliyoikunja mwenyewe. Hakuacha mtoto, hakuacha nyumba. Aliacha mistari minne.

Alhamisi mtafiti akarudi na mpiga picha, kibuyu, na vazi la majani makavu.

"Vua gambuti, mama, uonekane wa asili."

"Sakafuni kuna dawa ya kung'arishia. Wewe vua kwanza."

Hakuvua. Akaomba badala yake kwamba "soksi" iwe "ngozi", maana wahenga hawakuwa na soksi. Hilo neno limejipenyeza tu baadaye. Kisha akatoa fomu, iliyojazwa tayari, ibaki sahihi tu.

Hapo ndipo Mama Shuka alipovaa miwani. Ameshuhudia watu wakisainishwa mambo wakiwa kitandani. Akasoma mstari mmoja mmoja, kidole kikitembea, mpaka kikagota: Mtunzi: hajulikani.

"Anajulikana," akasema. "Ni wifi yangu."

Mtafiti akatabasamu kama anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. "Mama yangu, wimbo ukiwa na mtunzi si wa asili tena. Lazima utoke kwa waliotangulia."

"Naye katangulia. Mwaka jana."

"Ndiyo, pole sana. Ila... amechelewa kidogo kufa."

Chapchap akaangusha kikapu. Mashine ya tatu peke yake ndiyo iliyoendelea na mazungumzo.

"Fikiria," mtafiti akaharakisha, "utatunzwa kwenye maktaba ya taifa. Watoto wataimba shuleni! Wewe unastaafu Desemba, nimeambiwa. Nani ataubeba?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu ni kweli. Chapchap huimba kama mlango usiotiwa grisi, na beringi siku moja itapona. Mama Shuka aliishika kalamu muda mrefu. Aliwaona watoto mia wamejipanga, wakiimba ngozi za mtu asiyejulikana, na Redio akiwa hayumo popote.

Akakata "hajulikani" kwa mstari mnene, akaandika juu yake: Wifi Redio, mashine ya tatu.

Mtafiti aliichukua fomu kama anayembeba mtoto aliyevunjika mkono. "Sasa siwezi kuupeleka popote. Umeelewa umefanya nini, mama? Muziki wa asili wa jamii nzima unapotea, hapa hapa, mbele ya macho yetu!"

Mama Shuka akavua miwani, akachomoa shuka kikapuni, akamrushia upande mmoja.

"Shika ncha hiyo, Daktari. Zimebaki arobaini."