Siku Shimo la Udongo Liliponibana

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Kasanda, mtu hakuingia kwenye shimo la udongo wa vyungu akiwa na kinyongo. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mfinyanzi, alisema shimo lile linasikia. Ukiingia na ugomvi moyoni, linafumba mdomo. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuchimba alituuliza, "Ninyi wawili, kuna neno kati yenu?" Nasi tulijibu hakuna.

Wawili hao ni mimi, niliyekuwa na miaka tisa, na Daforoza, mtoto wa mama mdogo, aliyenizidi mwaka mmoja. Likizo ile Bibi alitaka tujifunze kazi yake. Hakutuanzishia vyungu, alitupa kila mmoja donge la udongo, ukubwa wa chungwa.

"Zamisha gumba katikati, usitoboe chini," alisema. "Sasa minya, zungusha kidogo, minya tena. Msikimbie."

Kibakuli cha Daforoza kiliinuka bila shida. Changu kilikuwa kinene huku, chembamba kule, na ukingo umepasukapasuka. Bibi alinionyesha kuziba nyufa kwa kidole chenye maji, na alinionyesha kwa upole. Lakini cha Daforoza alikigeuzageuza mkononi, akacheka kwa furaha. Kicheko kile kilinichoma.

Tulivianika kivulini nyuma ya jiko. Kesho yake niliamka wa kwanza, nikakikuta cha Daforoza bado kibichi, nikakikandamiza kwa kisigino. Alipokiona nikasema mbuzi amepita. Daforoza aliutazama mguu wangu, ambao sikuwa nimeunawa vizuri, akageuka, akashika njia ya shimoni.

"Kuna neno?" Bibi akauliza kama kawaida, tulipofika shimoni.

"Hakuna, Bibi," nikawahi kujibu.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Shimo lenyewe lilichimbwa kuelekea ndani ya ukingo wa bonde, kama pango fupi, na mimi ndiye niliyeingia kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote. Nilijaza kikapu nusu. Kisha nikasikia sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi, na udongo wa juu ukaporomoka.

Ulinifika kifuani. Sikuumia, nilibanwa tu. Mikono ilikuwa chini, sikuweza kusogeza hata kidole. Kila niliposhusha pumzi udongo ulijaa pale nilipopungua, na pumzi iliyofuata ikawa fupi zaidi.

Bibi alilitupa jembe asije akanikata, akaanza kufukua kwa mikono. Daforoza akaja mbio na kipande cha kibuyu, akapiga magoti kando yangu.

"Bibi, nitoe!"

"Nakutoa. Una neno na nani?"

"Sina."

Udongo ukamwagika tena, ukanifika mabegani.

"Sema, mjukuu wangu." Sauti yake ilitetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu sikuwahi kumsikia Bibi akiogopa.

"Ni mimi niliyevunja kibakuli cha Daforoza. Siyo mbuzi."

"Najua," alisema Daforoza, bila kuinua kichwa. Aliendelea kufukua.

Ulitoka mkono wa kwanza, kisha wa pili, kisha wakanivuta kwapani. Sketi yangu ilibaki humo ndani. Bibi alinifunga kitenge chake, akanikumbatia kwa nguvu, wala hakunigombeza.

Mpaka anafariki aliamini kwamba shimo liliniachia kwa sababu nilisema kweli. Mimi sasa nafundisha wanaoanza kufinyanga, hapa Kasulu, na najua kwamba ukingo uliochimbwa chini na kulowa siku mbili humwangukia mwenye kosa na asiye na kosa. Najua pia kwamba Bibi hakusimamisha mikono yake hata mara moja kungoja jibu langu. Na Daforoza, aliyejua kila kitu tangu asubuhi, ndiye aliyevunjika kucha mbili akinifukua.

Hayo nayaelewa. Nisichokizoea ni lile jibu langu, "Sina." Udongo ukiwa kifuani, hewa ikiniishia, bado niliogopa aibu mbele ya Daforoza kuliko kufa. Nimejiuliza mara nyingi: kama udongo ungeishia kiunoni, ningesema? Nadhani nisingesema. Ningetolewa, nikaoga, nikala chakula cha mchana karibu naye, na uongo wangu ukawa salama.