Paa Lililokaa Wiki Saba

Shilingi elfu kumi na tisa na mia mbili. Mabati elfu kumi na mbili na mia nne, mbao na misumari elfu nne na mia tatu, fundi elfu mbili na mia tano. Jumlisha mwenyewe, mwanangu, mimi nimeshajumlisha mara mbili. Hiyo ndiyo bei ya paa lililokaa juu ya kichwa changu kwa wiki saba. Ongeza na kovu moja juu ya jicho la baba mkwe wangu, ambalo mpaka leo sijui niliandike kwenye safu gani.

Siku paa lile lilipoondoka naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Lakini ngoja kwanza nikwambie nilivyolinunua.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nauza mitumba pale Kondele, na sifa yangu sokoni ilikuwa moja: hakuna mtu aliyenitajia bei ikabaki ilivyo. Mume wangu alikuwa mpishi Nairobi. Alituma pesa tuezeke nyumba yetu mpya kwa baba yake, kule mlimani juu ya Otonglo, mahali ambapo mvua ya mawe hupita kila msimu kama jamaa anayejua tunapoweka ufunguo. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: nunua mabati ya geji 28.

Muuzaji aliniambia geji 28 ni mia nne na hamsini kila bati. Nikamwambia mia tatu.

“Mama, kwa mia tatu nitakuuzia kivuli cha hilo bati.”

“Kivuli ni bure. Mia tatu.”

Tulivutana mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akainama, akateremsha sauti kama mtu anayetoa siri ya familia. “Kwa sababu wewe ni mteja mgumu, chukua hii geji 32. Mia tatu na kumi.”

“Thelathini na mbili?”

“Thelathini na mbili.”

Niliona namba imepanda na bei imeshuka. Nilihesabu mabati arobaini, nikayarudia, yakawa arobaini, nikatoka pale kama mtu aliyeiba benki na kupewa risiti. Kumbe kwa mabati, mwanangu, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Kila mtu katika duka lile alijua, isipokuwa yule mwenye sifa ya kujua.

Sikuishia hapo. Fundi alitaka mbao za kushikilia mabati zikae futi tatu tatu. Nikamwuliza kama mabati yanalala mpaka yahitaji mito mingi hivyo. Tukaziachanisha futi tano. Pesa iliyobaki nikanunua kabati la vyombo lenye milango ya vioo.

Mkwe wangu alikuwa mjane, amestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya reli. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wetu, na paa lake la mabati mazito lilikuwa limepata kutu mpaka likafanana na kikaango. Nilikuwa nikiliangalia na kulionea huruma. Kwetu, baba mkwe huketi sebuleni karibu na mlango, anaulizia watoto, anakunywa chai, anaondoka. Pazia la chumba cha kulala halipiti, na kitanda cha mke wa mwanawe hakioni. Siku alipokuja kuangalia nyumba, alikaa kwenye kiti kile cha mlangoni, akaokota kipande cha bati kilichobaki, akakigonga kwa kidole.

“Mama Atieno, hiki ni nini?”

“Ni bati, Baba. Nimepunguziwa mia moja na arobaini kila moja.”

Akakigonga tena, akakisogeza karibu na sikio. Alikuwa amegonga vyuma maisha yake yote. “Nyathina,” akasema, yaani mtoto wangu, “wamekupunguzia bei au wamekupunguzia bati?”

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wazee. Akamaliza chai yake, akaondoka.

Sasa ile siku. Ilikuwa wakati wa masika, mchana. Kutoka mlangoni kwangu ziwa lililo chini ya mlima lilionekana lote, jeupe, linang'aa. Nikageuka kuanua nguo, nilipotazama tena halikuwepo. Mahali pake palikuwa na wingu lenye rangi ya jivu lililochanganyika na kijani, linapanda mlima bila haraka. Kuku waliingia ndani bila kufukuzwa. Upepo ukakatika. Nimewahi kusikia kimya cha kanisani na kimya cha matangani, lakini kile kilikuwa cha ukubwa mwingine. Hata Atieno, wakati huo mtoto wa miezi minane, aliacha kulia akatazama juu.

Jiwe la kwanza lilianguka uani, likaruka, likatulia. Lilikuwa sawa na yai. Nikajiuliza ni kuku gani huyo anayetagia huko juu. La pili likapiga paa, na paa likalia kama sufuria iliyodondoshwa jikoni. La tatu silijui. Mimi ninayehesabu kila kitu nilishindwa kuhesabu, maana hayakuwa tena mawe, ilikuwa mbingu nzima inamwagwa kutoka kwenye lori.

Bati la kwanza lilipasuka katikati, palepale mbao zilipoachana futi tano. Likafuata la pili. Vioo vya kabati langu vilienda vyote kwa mpigo mmoja. Nikamkumbatia Atieno, nikakimbilia chumbani, nikaingia chini ya kitanda. Mabati yakaendelea kufunguka juu yetu, barafu ikajaa sakafuni, halafu nikasikia mbao zenyewe zinaanza kulia. Hapo nikaelewa. Nikikaa, paa linatuangukia. Nikitoka, mawe yale yatamwua mtoto mikononi mwangu. Sikuwa na mtu wa kupatana naye bei.

Ndipo nikasikia kengele. Nakwambia kweli, nilidhani ni kengele za mbinguni na kwamba tumeshafika. Ilikuwa karai. Mkwe wangu alikuwa amevuka uwanja na karai la zege kichwani, mawe yakiligonga kila hatua. Akaingia sebuleni, akafika kwenye pazia. Akasimama.

“Mama Atieno, nipe ruhusa nipite.”

Nikajibu, hakusikia. Akaita tena. Barafu ilikuwa inaingia kupitia matundu ya sebuleni na kumpiga mabegani, na mzee yule amesimama mbele ya kitambaa cha maua anangoja ruhusa. Mara ya tatu nilipaza sauti mpaka koo likauma: “Pita, Baba.”

Aliingia akiangalia ukuta. Alininyooshea karai uso wake ukiwa umegeukia upande mwingine, kitanda hakukitazama.

“Jifunike na mtoto.”

“Na wewe?”

“Mimi kichwa changu ni geji 28. Twende.”

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni hatua hamsini na nne. Nilizipima kesho yake, mara mbili. Siku ile zilikuwa ndefu kama barabara ya kwenda Bondo. Mimi na Atieno chini ya karai, yeye pembeni yetu kichwa wazi, mkono wake umeshika kiwiko changu nisiteleze. Hakuinama. Karibu na mlango wake nilimwona ametikisika mara moja, akaendelea kutembea, na damu ikamwingia jichoni.

Ndani ya nyumba yake nilikaa nikitazama juu, nikingoja paa la kikaango lipasuke. Lilinguruma, mwanangu. Lilinguruma mpaka meno yangu yakatetemeka. Halikuingiza hata tone. Mzee amekaa, kitambaa juu ya jicho, Atieno amelala mapajani mwangu kama yuko kwenye mahubiri.

Ilipokwisha tulitoka. Mlima wote ulikuwa mweupe. Jua limewaka, barafu inatoa mvuke, na ziwa limerudi mahali pake kimya, kama halikuhusika. Majirani walisimama milangoni. Nilichukua jiwe moja nikalipasua kwa panga. Ndani lilikuwa na tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Nikahesabu saba, nikarudia, saba. Atieno sasa ni mwalimu, na anasema tabaka zile jiwe linazivaa moja baada ya nyingine huko ndani ya wingu, upepo ukilizuia lisianguke. Maji ya ziwa lile lile ninalofulia, yamepanda, yakavishwa mara saba, yakarudi kunitafuta. Nimeliwaza jambo hilo miaka mingi na bado linanisimamisha nywele.

Matundu ya paa langu niliyahesabu yakawa sitini na tatu. Nikarudia yakawa sitini na nne. Nikaacha.

Jioni nilimwuliza Mzee nitamlipa vipi. “Niwekee paa ambalo halitaniingiza tena chumbani kwako,” akasema. Lile pazia lilikuwa limemwuma kuliko jiwe.

Ilinichukua miaka mitatu kukusanya pesa. Geji 28, mbao futi tatu tatu. Alikuja, akagonga, akasikiliza. “Hili ni bati,” akasema, akaomba chai.

Mwaka huu nimeezeka upya, na safari hii nimechagua vigae vya chuma vilivyogandishwa changarawe juu. Duka la kwanza niliomba kipande, nikakiweka juu ya mbao mbili, nikapanda kwenye kiti na jiwe la mizani la kilo moja. Muuzaji akasema, “Mama, unataka kununua au unataka kupigana?” Nikamwambia mbinguni hawaulizi hivyo. Nikaliachia. Changarawe ikaruka, chuma kikabonyea kama sabuni. Duka la tatu kigae kilibaki na alama ndogo tu, na hapo ndipo nilipoanza kuulizia bei.

Kwa hiyo, mwanangu unayejenga mahali pa mvua ya mawe, nisikilize. Patana bei ya kitu, lakini usikubali kitu chenyewe kibadilishwe katikati ya mapatano. Uliza unene wa chuma, unene wenyewe kwa milimita. Dhamana uisome uone kama imetaja mvua ya mawe kwa jina, maana nyingine zinalinda rangi tu, na rangi haijawahi kumwua mtu. Mbao zisogee karibu, paa liwe na mteremko mkali ili jiwe likipiga liteleze. Na mtu aliyeshika chuma maisha yake yote akikugongea bati na kukuuliza swali, usicheke. Weka kikombe chini, umjibu.

Mungu akupe paa zito na majirani wepesi wa miguu. Mvua ikija na mawe yake, watoto wako wageuke upande wa pili waendelee kulala.

Sasa na wewe nisaidie. Mzee alitutoka kitambo, nyumba yake imebomolewa kama desturi inavyotaka, na mabati yake yale ya kutu yameegemea ukuta wangu wa nyuma, hakuna hata moja lililotoboka. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja mara nne. Kila mara ananiuliza, “Mama, sema bei yako,” na mimi, ambaye soko zima la Kondele linanijua, nimesimama pale mdomo wazi. Kama wewe unajua bei ya kuanzia, niambie.