Odero na Fataki za Keumbu

Odero aliletwa Keumbu na barabara. Alitoka pande za Kendu na kikosi cha wajenzi, kazi yake ikiwa kupasua miamba kwa baruti, na barabara ilipokwisha wenzake wakakunja mahema wakaenda zao. Yeye akabaki. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake Akong'o ameolewa Migori, na hakuona haraka ya kurudi kwenye nyumba isiyokuwa na mtu. Akafungua kibanda cha kuziba pancha za baiskeli karibu na soko.

Kwa kuwa alijua baruti, kamati ya sherehe ilimkabidhi fataki za Jamhuri. Kila Desemba alizika mabomba ya chuma kwenye mchanga, akayainamisha kidogo upande usio na watu, akazungusha kamba mbali, akapanga ndoo za maji. Aliwasha kwa ufito mrefu, uso ameugeuzia kando. Wapo waliomcheka kwamba mzee anaogopa vitu vya kuchezea. Yeye alikuwa amemzika mwenzake aliyerudi kuchungulia baruti iliyokataa kulipuka.

Hata hivyo, mwaka wa sabini na nne alipitiwa. Aliangalia upepo jioni, hakuuangalia tena giza lilipoingia. Kipande cha karatasi chenye moto kikaelea juu ya migomba, kikatua kwenye paa la nyasi la Kwamboka, ajuza wa Kiadventista aliyeishi na bintiye Bonareri nyuma ya uwanja. Odero alikimbia na ndoo yake mwenyewe, akauzima. Pembe moja tu iliungua, lakini usingizi haukumjia.

Asubuhi alifika na mzigo wa nyasi kichwani.

"Nimekuja kuziba nilipoharibu, mama," alimwambia Bonareri mlangoni. "Na kuomba radhi."

Bonareri alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mpole wa macho. Mumewe alikufa kabla hawajajaliwa mtoto. Wakwe wakarudishiwa ng'ombe wao wa mahari, naye akarudi kumtunza mamake. Alimtazama mgeni yule akipanda paa, kisha akasema, "Huko kwenu nyasi mnaziweka namna hiyo?"

"Namna gani?"

"Kama mtu anayetandika kitanda gizani."

Ndani, Kwamboka alicheka mpaka akakohoa. Odero naye akacheka, akashuka, akafundishwa.

Tangu siku hiyo hakukosa sababu ya kupita pale. Safari ya kwanza alileta kambare mnono kutoka ziwani. Bonareri alimpokea kwa mikono miwili, kisha akainamisha kichwa. "Baba Akong'o, Mungu akubariki. Ila sisi Wasabato hatuli samaki asiye na magamba." Odero aliona haya kama mtoto. Safari ya pili alileta ngege, na magamba hakuyaparua hata moja, ili wayaone wenyewe. Bonareri aliyaona, akageuka upesi kuficha tabasamu.

Mwaka uliofuata Jamhuri iliangukia Ijumaa, na Kwamboka alikuwa mgonjwa, miguu imevimba, habebeki. Odero alipita nyumba zote za nyuma ya uwanja mchana, akiwaambia watu wafunge mbuzi na waanue nguo kambani. Kwa Bonareri alikaa zaidi.

"Paa lazima lilowe," alisema.

"Basi tufanye sasa hivi. Jua likizama Sabato imeingia, sitachota tena maji."

Wakachota pamoja mtoni, Odero debe, Bonareri mtungi, wakapanda na kushuka kilima mpaka nyasi zikadondosha maji kama zimenyeshewa. Mahali penye utelezi Odero alinyoosha mkono, na mkono ukashikwa.

Jioni uwanja ulijaa. Watu walikuwa wametoka Masimba, wengine Gesima, watoto wamebebwa mabegani. Fataki ya kwanza ilipasuka nyekundu, ya pili kijani, umati ukashangilia. Safari hii Odero alikuwa ameweka moshi wa majani mabichi pembeni, na kila alipowasha alitupa jicho pale. Alipowasha nyingine, ikafuka tu bombani, ikanyamaza. Akarudi nyuma. Papo hapo aliona moshi ukiinama, ukageuka, ukaelekea migombani kwa Kwamboka.

Akaweka ufito ndani ya maji.

"Mbona umezima?" Ombati, mwenyekiti wa kamati, alimfuata kwenye kamba. "Masanduku bado yamejaa!"

"Upepo umegeuka, mwenyekiti. Kuna mgonjwa kule, hawezi kutoka nje."

"Na hawa waliokuja kwa miguu niwaambie nini?"

"Waambie ni mimi nimekataa."

Umati ukaguna, mtu akapiga mluzi. Ombati alitazama moshi, akatazama watu, akashusha pumzi. Kisha akaenda kuiomba kwaya iimbe, naye akaimba nayo, ingawa sauti hakuwa nayo.

Odero hakuondoka. Msaidizi wake Owino alifunika masanduku kwa turubai na kwenda kulinda upande wa pili. Yeye akabaki kulinda lile bomba lililonyamaza, mtu asilikaribie mpaka lipoe na kumwagiwa maji. Ndipo alipoona mtu akija mbio kutoka migombani, leso mkononi, mkono mwingine ukiishika kamba apite chini yake.

"Simama hapo hapo!" alipaza sauti.

Bonareri akasimama, kifua kikipanda na kushuka. "Nimeona giza tu. Nikadhani umeumia."

Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumkimbilia Odero.

"Sijaumia. Lakini usivuke. Kuna moja haijalipuka."

"Nawe je? Mbona uko ndani?"

"Niko mbali nayo. Mama hajambo?"

"Amejilaza. Anasema fataki za mwaka huu zina adabu."

Wakabaki hivyo, kamba na nyasi katikati yao, kwaya ikiimba ng'ambo.

"Bonareri," Odero alisema, naye hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake tupu, "nikija kuongea na ndugu zako, watanifukuza?"

"Leo ni Sabato, Baba Akong'o. Mambo ya ng'ombe hayaongelewi leo." Akajitanda leso. "Njoo Jumapili."

Akaenda Jumapili. Mogire, kaka mkubwa, alimhoji sana kuhusu kabila na kanisa, akatikisa kichwa mara nyingi. Aliyekata shauri ni Kwamboka kutoka kitandani kwake.

"Mwanamume aliyekubali kuzomewa na soko zima ili mimi nilale," alisema, "mnataka awaletee ushahidi gani mwingine?"

Walioana msimu wa mahindi mabichi. Kwamboka aliishi hadi akamwona Akong'o akija na wanawe kutoka Migori, akawafundisha kumwita nyanya kwa Kigusii, nao wakalikosea neno kwa namna iliyomfurahisha hivi kwamba hakutaka walirekebishe.