Mpishi Asiyeonja Uji wa Alfajiri

Alfajiri, jiko la shule ya bweni limeshachangamka. Mpishi mkuu amesimama mbele ya sufuria kubwa la uji, mwiko mkononi, mdomo kaufumba kama mtu aliyesusa harusi. Haonji. Anayeonja ni wifi yake.

"Mtamu?"

"Mtamu, wifi."

"Wewe hata maji ya kuoshea vyombo ungeyasifu."

Miaka miwili iliyopita mpishi huyu, mjane, alikuwa akitetemeka kwa baridi mbele ya moto. Alishinda na sweta, wanafunzi wakambatiza Mama Sweta. Sauti ikakwaruza, uso ukavimba, usingizi ukawa unamchukua hata akiwa wima. Siku uji ulipoungua yeye akikoroma kando yake, mkuu wa shule alimwambia ikitokea tena atahamia kusugua masufuria.

"Majirani walisema nimerogwa," anasimulia. "Nikawaambia huyo mchawi hajui kazi, angeniroga nikonde!"

Zahanati wakampima damu. Tezi ya shingoni imezembea, wakasema. Akapewa kidonge cha kila asubuhi, kabla ya kula chochote. Akameza bila kukosa. Miezi ikapita, sweta bado liko mwilini.

Muuguzi akamweka kitako.

"Mama, unakula nini kabla ya dawa?"

"Sili kitu, mwanangu."

"Hata chai?"

"Hata chai. Naonja uji tu."

"Kiasi gani?"

Mpishi akafikiri. "Bakuli. Uji ukinigomea kuiva, mawili."

Muuguzi alicheka hadi akashika meza. Kumbe kwa mpishi kuonja ni kazi. Kula ni kukaa chini na sahani. Akaelezwa kwamba uji ule wa maziwa unaizuia dawa kuingia mwilini. Ameze kwa maji matupu, asubiri saa nzima.

Tangu hapo alfajiri inategemea ulimi wa wifi. "Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya matibabu," anasema.

Vipimo sasa ni vizuri, na dawa haachi. Chumvi yenye madini joto anaifunika vizuri kwenye kopo, mbali na mvuke na jua, wasichana wake wa bweni wasije wakaota rovu, ule uvimbe wa shingoni. Sufuria la uji limebaki lake. Sweta amelifumua, uzi wake anataka kumfumia mjukuu anayetarajiwa soksi na kofia.

Saa yake ya kusubiri inatimia. Anachota, anaonja, anafumba macho kwa raha, kisha anayafumbua.

"Wifi, sukari umeiacha dukani?"