Pampu Isiyomngoja Mtu

Mtaa mzima wa magereji ulimwita Rejeta, na mwenyewe aliitika bila kununa. Jina alilipata alipoanza kazi ya kuziba rejeta zilizotoboka, msichana peke yake kwenye uwanja uliojaa wanaume na vyuma. Walidhani atakimbia. Wengi wao wameshaondoka, na yeye yupo palepale, gereji ni yake.

Alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa mbio za kupanda mlima. Huyo alipenda mwendo kuliko usingizi. Gari lake lilikuwa jekundu, la viti viwili, la zamani lakini zuri mpaka watu husimama njiani kulitazama. Aibu yake ilikuwa moja tu: lilichemka. Likiwa mbioni, sawa. Likisimama kwenye foleni ya kungoja zamu, mshale wa joto unapanda na mvuke unafuka chini ya boneti. Watazamaji wakalibatiza Birika.

"Limeiva hilo! Leteni majani ya chai!"

Msimu uliopita hata kuanza hakuanza. Gari lilisukumwa pembeni huku mdogo mtu akijikaza kisabuni, helmeti bado kichwani ili machozi yasionekane. Rejeta alikuwa mmoja wa waliosukuma. Kile kicheko cha watazamaji alirudi nacho hadi gereji.

"Lilete kwangu," alimwambia baadaye.

"Dada, rejeta umebadilisha, feni umebadilisha. Kumebaki nini?"

"Pampu ya maji. Hiyo yako inazungushwa na mkanda wa injini. Injini ikienda polepole, nayo inasinzia. Kwenye foleni ndipo unapoihitaji, na ndipo inapolala. Ukizima injini, ndiyo basi, joto lote linabaki ndani. Nataka kuweka ya umeme, isiyomngoja mtu."

"Na umeme ukikatika katikati ya mlima?"

"Taa itakuwakia usoni, utasimama, utanitukana."

"Nikutukane wewe? Mama si atanichuna ngozi!"

Wakacheka, kazi ikaanza.

Rejeta aliifungua pampu ya zamani, akaing'oa mapanga yake ya kusukuma maji, kisha akalirudisha gamba tupu la pampu mahali pake ili mkanda usipotee njia. Themostati nayo, kile kilango kinachofungulia maji yakipata moto, akaitoa. Kazi yake alikipa kisanduku kidogo cha umeme: maji yakiwa baridi, pampu ijiendee taratibu; yakipata moto, ikaze mwendo. Akakata mpira wa maji wa chini, unaotoka kwenye rejeta kwenda kwenye injini, akachomeka pampu mpya, akakaza klampu, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri.

Walipowasha, pampu ililia kama nyuki ndani ya chupa. Mshale ukapanda, ukazidi kupanda.

"Dada..."

"Nyamaza kidogo. Zima."

Akaigusa mipira ya maji. Wa juu ulikuwa unaunguza, wa chini baridi. Maji hayakuzunguka. Akarudi nyuma, akashika kiuno, akaitazama kazi yake kama mtu anayemtazama mgeni asiyemwelewa. Halafu akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Nimeiweka juu mno! Nilibania waya usiwe mrefu, na sasa pampu imekaa kwenye hewa. Inasukuma upepo!"

Akaifungua yote. Safari hii aliishusha chini kabisa, pembeni mwa rejeta, mahali ambapo maji yataifikia yenyewe. Akaikalisha juu ya vipande vya raba isitikisike. Akaliinua gari pua juu kwa jeki, akamimina maji pole pole huku mapovu yakitoka, hadi yakakoma. Wakawasha tena. Sauti ilikuwa nyingine, mvumo mzito na mtulivu. Mshale ulipanda hadi katikati, ukaganda hapo. Wakaliacha likinguruma juani, wakaenda kula, wakarudi. Mshale haukujongea hata kidogo.

Siku ya mashindano, kama makusudi, gari la mbele lilimwaga oili barabarani na foleni ikasimama. Jua lilikuwa kali. "Birika!" mtu alipiga kelele, na watu wakasogea kuona mvuke. Walitazama boneti mpaka wakachoka. Rejeta, roho juu, alikuwa ameikunja kamba ya uzio mkononi bila kujijua.

Bendera ikashuka, gari likachomoka. Kona ya kwanza tu likapotea machoni, akabaki kulifuata kwa masikio: mlio unapungua, unapanda, unapungua, unapanda, haukwami. Kipaza sauti kikatangaza nafasi ya nne. Rejeta aliruka kama mtoto, na ovaroli na mabuti yake.

Alipofika kileleni alikuta madereva wamelizunguka gari jekundu. Injini ilikuwa imezimwa, lakini chini yake mvumo ulikuwa bado unaendelea.

"Injini kimya, sasa hii inayoimba ni nini?" aliuliza dereva aliyeshika nafasi ya kwanza.

"Muulizeni mwenyewe," mdogo mtu alisema, akinyoosha mkono. "Yule pale, dada yangu. Ndiye aliyeifunga."

Wakampisha. Rejeta akapiga magoti mbele ya gari, kifua mbele, akaanza kuwaonyesha kwa kidole chenye grisi: maji yanatoka hapa, yanapita huku. Mmoja akataka kumkatiza.

"Mwache amalize," mdogo mtu alisema, akiwa ameshika koleo na tochi ya dada yake, meno yote nje. "Hajafika kwenye utamu wake bado."