Aliitwa Chai

Jumamosi asubuhi, ndani ya basi la kwenda Woluwe, hapa Brussels, mama mmoja wa Bukavu alikuwa amepakata chupa ya chai kama mtoto mchanga. Shoga yake akamuuliza anaipeleka wapi.

"Kwa mutoto wangu. Juma iliyopita aliniita, 'Maman, kuya tukunywe chai kwetu.' Bon, nikaenda. Bibi yake, ule Mmarekani alioa, akaniwekea mayai, nyama ya nguruwe, na crêpes, sawa chapati za maji, zenye sirop ya sukari. Sirop ikafika mpaka ku nyama!"

"Na ulikula?"

"Byote. Hata sahani nikaipangusa na mukate."

"Alors, shida ni nini?"

Mama aligonga kifuniko cha chupa kwa kidole. "Chai yenyewe haikukuya. Waliniletea kahawa."

Kwetu sisi, ukiitwa chai unaweza kupewa hata kiporo na usinung'unike, mradi kikombe kipo. Kikombe kikikosekana, umeshiba lakini hukukaribishwa.

Basi liliposimama, mama alishuka na malalamiko yake, ya moto, yenye tangawizi. Nina hakika mkwewe aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa zawadi.