Kidole cha Bwana Misitu

Mlima haukumchosha Efrazia. Kilichomchosha ni kidole gumba cha mumewe. Kila wakienda kwa mama mkwe, ng'ambo ya msitu wa Magamba, Bwana Misitu hubeba redio mbili za upepo za ofisini. Moja humpa mkewe, anayefuata nyuma na watoto na kuku wa zawadi, na nyingine hutangulia nayo. Hatua hamsini tu mbele hukohoa, akabonyeza kitufe, akaanza: "Mama Klara, habari za huko nyuma? Watoto hawajambo? Kuku wa mama hajambo?" Kisha, kidole kikiwa bado kimekandamiza kitufe, hugomba: "Mbona hamjibu?" Mara ngapi Efrazia amemwambia kwamba asipokiachia hawezi kumsikia mtu! "Mimi niko msituni tangu Uhuru," ndilo jibu lake.

Leo ukungu ukashuka ghafla, redio ikakoroma. Salamu zikaja zote, hadi ya kuku. Halafu, kwa sauti ndogo: "Mama Klara, nimepotea. Njooni mnichukue." Efrazia hakuhangaika na kitufe, alipiga kelele kwa mdomo wake. Punde Bwana Misitu akachomoza vichakani, kofia upande, kidole palepale.

"Mlipotelea wapi nyie?" akafoka, na redio mkononi mwa Efrazia ikafoka vilevile.